Kiu ya Nyasi

Nyasi zikianza kuhisi kiu hazigeuki manjano mara moja, vile watu wengi hudhani. Kwanza hupata rangi ya samawati iliyofifia, kama moshi wa makaa ukiutazama kwa mbali. Halafu unapita juu yake na alama za viatu vyako zinabaki. Nyasi zenye maji huinuka baada ya kukanyagwa. Zenye kiu hubaki zimelala, na ukigeuka nyuma unaona mwendo wako wote umechorwa hapo. Ukiona hivyo saa tano asubuhi mwezi wa Februari, una saa moja au mbili za kufanya jambo. Ukingoja hadi saa tisa mchana, kipande hicho kimekwenda.

Hayo nilifundishwa na fundi mkuu wa nyasi katika klabu moja ya gofu upande wa Kiambu, ambako nilifanya kazi miaka sita. Sitaitaja klabu yenyewe. Ninayotaka kusema hayahusu klabu moja. Nina swali ambalo limeniganda tangu siku hizo: maji yakiwa machache, nani anafaa kunywa kwanza? Najua utaniambia jibu ni rahisi. Binadamu kwanza, nyasi baadaye, tumemaliza, twende tukale. Lakini kwa mtu aliyeshika hosipaipu misimu sita ya kiangazi, jibu hilo lina ajabu moja: kila mtu analikubali na karibu hakuna anayeishi kulingana nalo. Ningependa kuelewa kwa nini.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi huuona uwanja wa gofu kutoka kwenye matatu tu, kijani kimoja kirefu nyuma ya ua, na kudhani ni Mungu ameumwagilia.

Kiangazi chetu kikali huanza Januari, kikaendelea mpaka mvua ndefu zifike mwisho wa Machi, zikiamua kufika. Sehemu inayoteseka zaidi ni grini, pale penye shimo na bendera. Hebu fikiria mmea unaonyolewa karibu kila asubuhi hadi ubaki na urefu wa milimita tatu au nne. Jani likikatwa hivyo, mzizi nao hufupika, maana mmea hauwezi kulisha mizizi mirefu kwa jani dogo. Kwa hiyo una kitu chenye mizizi mifupi, juu ya mchanga usioshika maji sana, chini ya jua la ikweta, na wachezaji wanakanyaga hapo hapo kuanzia alfajiri. Kisheria za mimea, kitu hicho kingefaa kufa. Kinaishi kwa sababu kuna watu wameajiriwa kukizuia kisife.

Maji ya sprinkla yalifunguliwa usiku, kati ya saa nane na saa kumi na moja. Wakati huo hakuna upepo wa kuyapeperusha wala jua la kuyanywa. Tena ukimwagilia jioni majani yatalala yakiwa mabichi usiku kucha na kuvu wataamka na sherehe. Kukipambazuka tulitembea grini moja baada ya nyingine, fundi mkuu mbele na kisu chake kirefu. Alikuwa anachomoa kipande cha udongo chenye upana wa vidole vitatu, anakibana, anakinusa, anatazama mizizi imefika wapi, halafu anakirudisha na kukikanyaga kwa kisigino. Baadaye klabu ilinunua kifaa cha kupima unyevu, kina vijiti viwili vya chuma na kioo kinachoonyesha asilimia. Mzee alikitumia, lakini kunusa hakuacha.

Saa sita mchana ilikuwa zamu ya hosipaipu. Kuna kunyunyiza ambako watu wa nje hudhani ni kumwagilia. Unarusha maji hewani kama ukungu, sekunde chache tu, yashuke juu ya majani na kuyapoza. Hayafiki kwenye mizizi na hayakusudiwi kufika. Ni kama kumpangusa mgonjwa wa homa kwa kitambaa chenye maji. Niliona wachezaji wakikasirika kwa kungojeshwa dakika mbili, na nikamwona Mzee akiendelea kunyunyiza kana kwamba hawapo. Alikuwa mtu mpole, lakini katika jambo hilo hakuwa na bosi.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya nianze kuwaza.

Mara mbili kila kiangazi tulifanya jaribio la mikebe. Tulikusanya mikebe mitupu jikoni, ile ya maharagwe na nyanya, tukaipanga juu ya grini kwa mistari, hatua tatu hatua tatu, kisha tukafungua sprinkla robo saa. Ukifunga maji unapita na rula ukipima kila mkebe. Siku zote maji yanatofautiana. Mkebe huu una milimita sita, ule wa pembeni una mbili, kwa sababu tundu moja la sprinkla limeziba kwa mchanga, au kichwa kimeinama, au mteremko unavuta. Mara ya kwanza nilijumlisha yote, nikagawanya, nikampelekea Mzee wastani, nikiwa na fahari ya mtu aliyepata B ya hesabu.

Hakuutazama. Aliniuliza, "Mkebe mkavu zaidi uko wapi?"

Ndivyo uwanja unavyoendeshwa, na si kwake tu. Mafundi wa nyasi popote duniani hupanga muda wa maji kwa kufuata sehemu kavu zaidi. Wastani hauishi mahali popote, nyasi hazinywi wastani. Pakiwa na kipande cha futi mbili kinachopata nusu ya maji, basi ama utengeneze kile kichwa cha sprinkla, ama umtume mtu na hosipaipu pale pale, ama ufungue maji kwa kila mtu muda mrefu zaidi, hata kama sehemu nyingine zitashiba kupita kiasi. Hilo la tatu ni ubadhirifu na Mzee alilichukia. Lakini kulikuwa na la nne ambalo hakuna aliyewahi hata kulitaja: kusema kwamba kwa wastani grini hii ina maji ya kutosha, na kukiacha kile kipande kife.

Jioni nilipanda matatu, nikarudi kwenye ploti ninakoishi, vyumba kumi na vinne na bomba moja uani. Maji yalikuja Jumanne na Ijumaa, yakija. Mwaka wa 2017 mambo yalikuwa mabaya zaidi Nairobi na viunga vyake, kwa sababu bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ambalo jiji hutegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake, lilipungua sana na mgao ukaanza Januari ile. Ratiba ilichapishwa gazetini. Mtaa wetu ulikuwa kwenye ratiba. Kwenye karatasi tulipata saa kadhaa kwa wiki, na kwa vile vyumba vya bondeni vilipata presha na sisi wa juu tulipata hewa inayopiga mluzi kwenye bomba, nadhani kwa wastani tulipata maji. Mtungi wa lita ishirini kwa mwenye mkokoteni ulipanda kutoka shilingi kumi hadi thelathini, na siku mbaya hamsini.

Kwa hiyo niliishi katika hesabu mbili. Niziweke wazi, msomaji azipime mwenyewe. Siku ya joto, nyasi hupoteza maji yenye kina cha milimita tano hivi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Grini yenye mita za mraba 500 basi hudai lita 2,500, yaani mitungi 125. Grini kumi na nane ni mitungi 2,250 kwa siku. Na hizo ni vipande vidogo tu. Zile njia ndefu pana kati ya kianzio na shimo, tukizihesabu kuwa hekta 12, zikirudishiwa maji ya siku moja ni lita 600,000, mitungi elfu thelathini. Hatukuzimwagilia kila siku, niseme ukweli. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa mahitaji yake ya kawaida. Tukichukua ile 50, usiku mmoja wa kumwagilia zile njia ni siku moja ya watu 12,000.

Nimeiweka hesabu hii kwenye meza mara nyingi na nimesikia majibu yote. Wengi wanaojibu ni watu wazuri.

La kwanza: hayo ni maji ya kisima cha klabu, si ya jiji, hayapunguzi maji ya mtu. Lingekuwa jibu zuri kama chini ya ardhi kungekuwa na kuta. Maji yaliyo chini ya Nairobi na Kiambu yako kwenye miamba inayoungana. Kiwango chake kimekuwa kikishuka kwa miaka mingi, na wanaochimba leo wanachimba chini zaidi kuliko baba zao. Jirani akivuta kwa pampu kubwa, kisima chako kinajua. La pili: gofu inalisha watu. Hili sitalibishia, lilinilisha mimi. Karo ya ndugu zangu wawili ilitoka kwenye zile nyasi. Yeyote anayetaka kufunga viwanja vyote kesho aje kwanza aongee na wabeba mifuko ya wachezaji, wakata nyasi na akina mama wa kung'oa magugu. La tatu ni kwamba bila maji hakuna mchezo, na hili ndilo dhaifu kuliko yote. Nitalirudia baadaye, kwa sababu kuna jambo lilitokea getini ambalo lazima nilieleze kwanza.

Kulikuwa na mama wa makamo katika kundi la magugu. Tulimwita Shosh, ingawa hakuwa amezeeka hivyo. Alikaa kwenye mkeka wa gunia juu ya grini, kisu mkononi, aking'oa magugu moja moja na mizizi yake, kazi ya uvumilivu ambayo mimi singeiweza hata nusu siku. Jumatano moja katika kiangazi hicho cha 2017 alitoka jioni na mtungi wa lita kumi aliojaza kwenye bomba la karakana. Askari akamsimamisha.

"Shosh, unajua sheria. Mali ya klabu haitoki getini."

"Maji ni mali, kijana wangu?"

"Ni mali kama mbolea. Ukitoka nayo leo, kesho wote watatoka nayo, na mimi ndiye nitaulizwa."

Hakupandisha sauti. Alikuwa kijana mwenye adabu, alimsaidia hata kuutua mtungi. Kisha akayamwaga kwenye mizizi ya michongoma ya ua, pole pole ili yasirukie viatu vyake, akamrudishia mtungi mtupu kwa mikono miwili. Shosh akasema, "Basi michongoma imeshiba," akaenda zake kungoja gari. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa kwenye mkeka wake.

Je, ulikuwa wizi? Tulibishana juu ya hilo karakana wiki nzima. Fundi wa mashine alisema sheria ni sheria na leo ni maji, kesho ni petroli. Mwingine akasema aliyemwaga ndiye mwizi. Mimi nilikwenda kutafuta sheria yenyewe, kwa sababu nilichoka na kelele, na nikashangaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema rasilimali za maji zote ni za wananchi, serikali ya kitaifa inazishikilia kama amana tu. Mwenye kisima hamiliki maji, ana kibali cha kuyachota. Na sheria hiyo hiyo inasema matumizi ya nyumbani hutangulia matumizi mengine yote. Kwa maneno mengine, Bunge la Kenya linakubaliana na Shosh. Ni geti tu ambalo halikubaliani.

Wala si jambo jipya lililoletwa na wanasheria wa juzi. Huko pwani, tangu zamani, mafundisho ya Kiislamu yameweka maji pamoja na malisho na moto katika vitu ambavyo watu ni washirika. Wanazuoni wa fiqhi walitofautisha haki mbili: haki ya kukata kiu, ya mtu na mnyama, na haki ya kumwagilia shamba. Ya kwanza iko juu. Mwenye kisima anaweza kukataa kukumwagilia mgomba wako. Kukunyima maji ya kunywa, hilo hana ruhusa nalo. Na kaskazini, Waborana wana visima virefu vya kale ambako watu hupanga mstari kwenye ngazi wakirushiana ndoo kutoka chini. Kuna mtu maalum wa kusimamia zamu, ng'ombe wa nani wanywe leo, wa nani kesho, na ugomvi wa zamu ni ugomvi mkubwa. Lakini mpita njia mwenye kiu hapangwi kwenye zamu. Anakunywa.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo, nani anywe kwanza, limejibiwa na Katiba, na msikiti, na wafugaji wa jangwani, na jibu ni lile lile. Kama wote wanajua, kwa nini mtungi ulimwagwa?

Rafiki yangu mmoja mwalimu huniambia ni ubepari, anamaliza chai yake. Huenda. Lakini ubepari haukuwa pale getini. Palikuwa na kijana mpole na mama mchovu. Nimefikia kuamini kwamba jambo lenyewe liko karibu na ile mikebe. Kiu ya nyasi ina mtu. Kuna anayelipwa kuitafuta alfajiri, kuinusa, kuipima, kuikimbilia saa sita mchana. Ikimponyoka, wachezaji watauliza kesho yake, kwa jina lake. Kiu ya ploti yetu haina mtu wa namna hiyo. Ina ratiba. Kuna ofisi zinazojua ni lita ngapi zimeingia mtaani, lakini hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza mkebe mkavu zaidi uko wapi, halafu akaja nao mkononi mpaka mlangoni kwa yule mjane wa chumba cha mwisho. Kijana wa geti alijua angeulizwa kuhusu maji yaliyotoka. Kuhusu kiu iliyotoka hakuna ambaye angemuuliza.

Hapa kuna hoja moja inayonikera, nayo hutolewa hata na watu wanaowapenda maskini. Husemwa kwamba watu wa mtaani wamezoea. Wamekuwa wagumu. Eti shida imewakomaza, ukiwapa maji ya kila siku watayachezea. Nawajua wanakoitoa, maana inafanana sana na mafundisho ya nyasi. Mzee alikuwa hapendi kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Ukifanya hivyo mizizi hubaki juu, imelegea, kama mtoto anayelishwa kijiko mpaka darasa la nane. Alimwagilia kwa kina, halafu akaacha siku kadhaa, nyasi zitafute zenyewe chini. Ni kweli hufanya kazi. Nyasi zilizonyimwa kidogo huteremsha mizizi.

Lakini wanaochukua nusu ya somo hilo hawajawahi kusimama pale. Katika siku hizo za kunyima, Mzee hakuwa nyumbani. Ndizo siku alizotembea zaidi. Alipita mara tatu, mara nne, akitafuta ile rangi ya moshi, hosipaipu iko tayari begani. Kunyima kulikuwa ni kazi, tena nzito kuliko kumwagilia. Na pia kuna kikomo. Mchanga wa grini ukikauka kupita kiasi hubadilika tabia: punje zake hufunikwa na utando wa mabaki ya mimea, unaanza kukataa maji. Mvua inyeshe, sprinkla zifunguliwe, maji yanasimama juu kama shanga na kuteremka pembeni, na chini ya inchi moja ni vumbi. Kuurudisha unahitaji dawa inayofanana na sabuni, kutoboa matundu, na wiki nyingi. Hakuna fundi wa nyasi duniani ambaye angeuita mchanga huo mgumu au uliokomaa. Angesema umeharibiwa, na angetaka kujua ni zamu ya nani.

Nirudi kwa lile jibu la tatu, kwamba bila maji mengi hakuna gofu. Gofu ilizaliwa Uskoti kwenye nyasi za pwani, penye mchanga na upepo, na nyasi zile zilikauka kiangazi na watu wakaendelea kucheza. Mwaka wa 2006 mashindano ya The Open yalifanyika Hoylake, Uingereza, kiangazi chenye joto kali, na uwanja uliachwa ukawa wa rangi ya majani makavu. Mpira ulibingirika kama uko barabarani. Tiger Woods alishinda huku akitumia kile kijiti kirefu kuliko vyote mara moja tu katika siku nne, kwa sababu ardhi yenyewe ilimpa umbali. Marekani nako, pale Pinehurst, waling'oa ekari nyingi za nyasi za maji, wakaacha mchanga na majani ya porini, na U.S. Open ya 2014 ikachezwa hapo, kahawia kabisa. Watazamaji wengine walilalamika kwamba haipendezi kwenye runinga. Katika sehemu kavu za Afrika na Australia, watu walicheza miaka na miaka kwenye grini zisizo na jani hata moja, mchanga uliochanganywa na mafuta. Kinachohitaji maji mengi ni ile rangi. Mchezo wenyewe unajua kuvumilia.

Tena sisi tuna bahati ambayo wengine wanaiazima. Ile nyasi inayotambaa kwenye viwanja vyetu vya nyanda za juu, ambayo huku tunailisha ng'ombe na kuilaani mashambani, dunia inaiita kikuyu, kwa sababu ilitoka huku. Ilipelekwa California mwaka wa 1918 hivi kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za mifereji, ikakimbia, ikaingia viwanjani. Leo klabu ya Riviera kule Los Angeles ni maarufu kwa nyasi hizo, huku serikali ya Marekani ikiwa imeiorodhesha kama gugu hatari. Hapa kwao kikuyu ikikosa maji hugeuka kahawia, inalala, mashina yake yamejificha chini ya udongo. Mvua ya kwanza ya Aprili inaamka. Niliona mara sita kwenye kingo ambazo hatukuzimwagilia kamwe, na mara sita kamati ya uwanja ilidai zile njia ziwe kijani kwa ajili ya mashindano ya Machi.

Sisemi grini ziachwe zife. Mtu aliyefanya kazi ile hawezi kusema hivyo kwa moyo mkunjufu, na bado nikipita karibu na uwanja wowote macho yangu hutafuta rangi ya moshi yenyewe tu. Nasema zile hekta 12 zinaweza kulala miezi miwili na hakuna atakayekufa, na kwamba watu sitini wanaofanya kazi nyuma ya ua ule, kila mmoja akitoka na mtungi wa lita ishirini, ni lita 1,200 kwa siku. Ni chini ya nusu ya grini moja. Mtu mmoja angepewa kazi ya kuwajua, nani ana watoto wangapi, nani anatunza mgonjwa, mtaa upi haujapata maji wiki ya pili sasa, angepita na daftari alfajiri vile Mzee alivyopita na kisu.

Bomba la kuwapa lipo. La inchi mbili linapita chini ya lami hatua nne kutoka kwenye kibanda cha askari, kuelekea sprinkla za shimo la kumi. Mimi na wenzangu wawili ndio tuliolifukia, na tuliacha mdomo wa akiba upande wa ua, umefungwa kwa kifuniko cha chuma, endapo siku moja utahitajika.